Siku yangu moja na pikipiki za zamani, viwanja vya Nane Nane Tabora

Saa kumi na moja alfajiri niko barabarani. Tabora mwezi wa nane asubuhi kuna baridi kweli kweli, watu wa Dar wanadhani huku ni jua na vumbi tu. Natoka Isevya na pikipiki yangu, Honda CG 125, begi mgongoni lina plagi, msasa laini, fila (kile kipimo cha nafasi ndogo ndogo), bisibisi, vipande vya waya na zile karatasi za maelezo nilizochapisha jana stesheneri, napita chini ya miembe naelekea viwanjani Ipuli. Kwenye kikundi chetu cha pikipiki za zamani mimi nina kazi mbili, kuhakikisha kila mashine inawaka na kuandika karatasi inayobandikwa mbele ya kila pikipiki. Turubai, kamba, viti na chai wanahangaika navyo wenzangu.

Msimamo wangu wanachama wote wanaujua: pikipiki ya maonesho lazima iwake. Uifute, uipange vizuri, ung'arishe na rimu ukitaka, lakini mtu akiuliza "hii inawaka?" jibu liwe kiki moja au mbili, sio hadithi.

Saa kumi na mbili tunafungua turubai. Wenzetu wa Kigoma walishafika na Yamaha DT mbili, zimekuja na treni kama mzigo, tenki zimekaushwa petroli kabisa, kwa hiyo cha kwanza ni kuzitilia mafuta kidogo na kuangalia kama kabureta hazijaingia uchafu njiani. Zote mbili zimeitika. Moshi wake ule wa bluu umeelekea banda la asali jirani, nikaenda kumsalimia mama wa pale, mwangaluka, nikamwambia tutazisogeza upande wa pili, akasema sawa ila leteni na wateja.

Saa moja ndio kazi yenyewe. Mzee wetu, mstaafu wa reli, ana BSA Bantam, ya injini ndogo ya cc 123, gia tatu, lever ya gia ipo mguu wa kulia. Jana jioni iliwaka vizuri, leo kimya. "Mwanangu usiibembeleze, fungua pointi," ananiambia, na ndivyo nilivyokuwa nawaza. Nimetoa kifuniko cha magineto, ile inayotengeneza umeme wa plagi, kweli zile pointi, ncha mbili zinazokatisha umeme ili plagi itoe cheche, zimeota kijivu, baridi ya usiku na umande. Hapa ndio watu wanaharibu, wanachukua msasa mkali wanasugua kama wanasugua sufuria mpaka uso wa pointi unapinda. Mimi nakata kipande chembamba cha msasa laini kabisa, nakipitisha katikati mara chache, halafu kipande cha karatasi safi kuondoa unga, halafu fila kupima uwazi. Nikalaza plagi juu ya kichwa cha silinda, mzee akapiga kiki, cheche ikaruka ya bluu iliyokolea. Nikarudisha plagi, choki, kiki ya pili ikawaka. Mzee hakusema kitu, amesimama tu mkono uko kwenye tenki anasikiliza.

Saa tatu nabandika karatasi, na hapa nawaomba mnivumilie kidogo maana nalipenda hili jambo. Bantam na zile Yamaha za Kigoma nimeziweka jirani kwa makusudi. Kabla ya vita vya pili Wajerumani walikuwa na pikipiki ndogo inaitwa DKW RT 125, vita vilipoisha michoro yake ikachukuliwa kama fidia ya vita, Waingereza wa BSA wakaigeuza wakatoa Bantam mwaka 1948, na ndio maana gia ikahamia kulia, walivyokuwa wamezoea wao. Sasa kumbe hata Yamaha, pikipiki yake ya kwanza kabisa, YA-1 ya mwaka 1955, ilifuata muundo wa DKW hiyohiyo. Kwa hiyo hii Bantam ya mzee na ukoo wa hizi DT wana bibi mmoja, Mjerumani. Nimeandika hivyo kwenye karatasi kwa herufi kubwa na hiyo ndio karatasi iliyosomwa kuliko zote, watu wanaangalia moja wanaangalia nyingine wanarudi tena.

Saa nne geti limejaa, wanafunzi kwa mistari, na vijana wa bodaboda. Hawa ndio wageni ninaowasubiri kuliko wote, maana wanakuja wanadhani wataona vyuma chakavu halafu wanaikuta CG 125. Kijana mmoja kachuchumaa anaangalia upande wa silinda, "Kaka mbona hii ni mashine yangu?" Nikamwambia ndugu yangu ya kwako ndio imezaliwa na hii. Honda waliitoa mwaka 1976 baada ya kuona namna watu wa nchi kama zetu wanavyotumia pikipiki, mizigo mizito, vumbi, oili inachelewa kubadilishwa, cheni haijui mafuta. Wakaacha kuweka kemishafti, ile inayofungua vavu, juu na cheni yake ya ndani, wakarudi kwenye pushirodi, vijiti vinavyosukuma vavu kutoka chini, ambavyo vinavumilia, na cheni ya nyuma wakaifunika kabisa. Baadaye viwanda vya China vikachukua muundo huo, na pikipiki nyingi za Kichina zilizobeba bodaboda hapa kwetu zina mashine ya aina hiyo, fundi yeyote wa mtaani ukimwambia "mashine ya CG" anaelewa bila maelezo. Yule kijana kaita wenzake wote wa kijiweni. Wakataka kuisikia. Nikaiwasha, wakanyamaza, mmoja akasema "haina kelele za vavu hata kidogo", basi hapo nikajua huyu ana sikio la fundi.

Saa sita kamili ndio muda wa kuwasha zote. Tumekubaliana na watu wa banda la mifugo kwamba tutawasha muda huo tu na kwa zamu, kwa sababu ng'ombe wao wapo karibu, na zile mashine zinazochanganya oili na petroli zinapiga kelele kali. Tunaanza na Honda C70, haina makuu, inawaka taratibu kama inaongea peke yake. Super Cub, ukoo wa C70, ilianza mwaka 1958 na kufika 2017 Honda walikuwa wameshatengeneza zaidi ya milioni 100, hakuna chombo kingine cha injini kilichofikia hapo. Halafu Honda XL, CG, Suzuki TS, DT mbili, Bantam mwisho. Kamba inatetemeka kwa jinsi watoto wanavyosukumana, kazi yangu muda huo ni kulinda mikono yao na ekzosi tu, ile kitu ikiungua ngozi haisahauliki.

Chakula saa saba, chai na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, wa Kigoma wamekuja na migebuka yao ya kukausha. Mgeni rasmi amepita saa nane, kapiga picha kaenda.

Saa tisa nimebishana na mdogo wetu mmoja mwenye TS aliyoachiwa na baba yake, anataka akitoka hapa aipeleke kupigwa rangi nyekundu mpya na stika. Nimemwambia mdogo wangu usifanye hivyo. Hiyo alama ya kamba kwenye tenki ni magunia ya tumbaku aliyokuwa anabeba mzee wako, ile madigadi ya nyuma iliyochomelewa ni barabara ya Sikonge hiyo, ukipaka rangi utabaki na pikipiki nzuri ambayo haijulikani ilikuwa ya nani. Kutu zuia, nati kaza, spoku zilizokatika badilisha, waya zilizoliwa na panya badilisha. Rangi iache. Hajanikubalia bado ila amesema atasubiri mpaka msimu wa mvua uishe, mimi nachukua hiyo.

Saa kumi alasiri akaja mama mmoja na kitenge chake na mkoba, akasimama mbele ya Honda XL 125 muda mrefu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii inawaka?"

"Inawaka mama."

"Basi nipishe."

Kumbe alikuwa bibi shamba, amestaafu. Akafungua koki ya petroli bila kuitafuta, akavuta choki, akakanyaga kiki polepole akitafuta kompresheni kwa mguu, pale kiki inapokuwa nzito, akaipata, akashusha. Ikawaka. Watu wakapiga makofi na vigelegele, yeye anacheka tu anaongeza mafuta kidogo kidogo. Akatuambia alipewa ya aina hiyo na kazi akiwa msichana, vijijini wanaume walikuwa wanatoka nje kuangalia mwanamke anaendesha, na wakulima walikuwa wanajua anakuja kabla hajaonekana, wanaanza kukusanyika chini ya mti kwa kusikia tu mlio. Nilikuwa na karatasi ya XL imeandikwa cc na gia, nikaitoa palepale nikaandika nyingine kwa mkono, kwa maneno yake na kwa ruhusa yake.

Saa kumi na mbili tunafunga. Tunapunguza petroli, tunafunga koki zote, Bantam nimeifunika blanketi na nailoni upande wa magineto ili umande usirudi, mlinzi amekabidhiwa mashine moja moja kwa orodha.

Nyumbani saa mbili usiku, naandika hivi mikono bado inanuka petroli. Tupo mpaka maonesho yafungwe. Kama upo Urambo, Kaliua, Nzega au Uvinza na kuna pikipiki ya mzee imelala stoo, ilete na kadi yake kama ipo, hata kama haiwaki, msasa na fila ninavyo. Ila njoo asubuhi, mchana foleni inakuwa ndefu.