Doa Moja la Bawa la Nyuma

Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi, umande haujakauka kando ya njia ya msitu. Kipepeo alikuwa ametua juu ya ua la njano, usawa wa goti: mabawa rangi ya chungwa, ncha za mbele nyeusi, na mkanda mweupe umekatiza weusi huo. Nikapiga picha tatu, nikaandika jina lake la kisayansi kwenye daftari: Danaus chrysippus. Nilikosea.

Kosa lilianzia kwenye pembe ya kamera. Nilipiga nikiwa upande, mabawa yamefunguka nusu, na bawa la mbele likafunika ukingo wa juu wa bawa la nyuma. Sehemu hiyo ndiyo ya kutazama. Danaus chrysippus ana madoa meusi matatu katikati ya bawa la nyuma; dume ana la nne. Jike wa Hypolimnas misippus, kipepeo wa spishi nyingine anayemuiga karibu kwa kila kitu, ana doa moja tu, nalo limekaa kwenye ukingo ule ule uliofichika. Mkanda mweupe hausaidii, kwa kuwa wote wawili wanao, na hata ile aina isiyo na mkanda ipo kwa wote wawili. Kuiga huku kuna faida yake. Viwavi wa Danaus hula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu, sumu hubaki mwilini hadi kipepeo anapokomaa, na ndege wakishaonja mmoja huwaacha wote wanaofanana naye.

Nilipokuza picha kwenye kioo cha kamera sikuona hata doa moja. Ikabidi kurudia. Kipepeo aliyepoa huota jua kwanza, hivyo muda ulikuwepo. Nilizunguka ili jua libaki nyuma ya bega bila kivuli changu kumwangukia, maana kivuli kikimgusa tu huruka. Nikapiga magoti, nikasogea kidogo kidogo, viwiko vimebana mbavu. Lenzi ya makro, ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, ya milimita 100; shata sehemu 1/500 ya sekunde, tundu la lenzi f/8, wepesi wa kupokea mwanga ISO 800. Kwa umbali ule, kinachotoka wazi ni milimita chache tu, kwa hiyo uso wa lenzi lazima ulingane sambamba na bawa. Ukiinama kidogo, ncha moja inatoka safi na nyingine ukungu. Mabawa yalipolala bapa nikapiga mfululizo, picha nane. Alipoyafunga nikapiga upande wa chini pia. Upande huo wengi huusahau, na kwangu ni nusu ya ushahidi.

Doa lilikuwa moja, ukingoni. Nikakata jina la kwanza kwa mstari mmoja ili liweze kusomeka bado, nikaandika la pili, saa, aina ya ua na namba za picha.

Hatua kama kumi mbele, juu ya jiwe, alikuwepo dume wa jamii hiyo hiyo. Hafanani na jike hata kidogo: mweusi, na madoa sita makubwa meupe, matatu kila upande. Alifukuza kila kilichopita, kisha akarudi pale pale, basi sikumfuata. Nilielekeza lenzi kwenye jiwe nikasubiri. Alipotua, madoa yalizungukwa na zambarau iliyong'aa. Akageuka kidogo, zambarau ikapotea, pakabaki weusi na weupe mtupu.