Tumbo la Ukuta

Juzi mwanangu alimaliza mzunguko wake wa mwisho bwawani, akashika ukuta wa njia ya 4, akaniuliza: "Mama, nani anajua kama hizi ni mita 50 kweli?" Nikamfunga taulo, nikanyamaza.

Tulipokijenga kituo kile cha kuogelea, upande wa waogeleaji kurudisha nguvu haukunisumbua. Bwawa dogo la maji baridi ya nyuzi 10 hadi 15, chumba cha kukanda misuli, vyote vilikwisha upesi. Roho yangu ilikuwa kwenye bwawa kubwa. Kwa mashindano, mita 50 haziruhusiwi kupungua hata milimita moja. Kuzidi, mwisho milimita 10. Tena kila upande hutundikwa bamba la kugusia linalosimamisha saa, unene wake sentimita 1, ndiyo maana tulijenga mita 50.02.

Asubuhi moja, kabla ya kupaka gundi, fundi mkuu wa vigae aliniita. Bwawa tupu lilikuwa likiturudishia sauti zetu. Akashusha timazi, akasogeza uzi taratibu hadi ukagusa plasta. "Tazama, Injinia." Nikapiga magoti. Juu, mwanga ulipita kati ya uzi na ukuta. Chini pia ulipita. Katikati, kama nusu mita chini ya usawa wa maji, uzi ulikuwa umelala kwenye plasta. "Ukuta una tumbo," akasema, akipapasa pale kwa kiganja, macho kayafumba.

"Gundi itasawazisha, Mzee," nikamjibu. Tulikuwa tumechelewa. Gundi huziba bonde, tumbo hailipunguzi. Nami nililijua hilo.

Vigae vilipokauka tukapima. Njia ya 4, ukitoa unene wa mabamba: mita 49.994. Milimita 6 tu, na ndiyo njia anayopewa aliyeingia fainali kwa muda bora kuliko wote. Rekodi yake isingetambuliwa. Tukabomoa. Mzee mwenyewe ndiye aliyeshika patasi, hakunilaumu hata kwa jicho. Sikumbuki kama nilimwomba radhi au nilimpa tu nyundo.

Aliondoka kwenda kazi nyingine kabla maji hayajajazwa.

Juzi, mtoto akivaa viatu, niliinama nikazamisha mkono hadi begani, nikapapasa vigae pale pale. Akaniuliza natafuta nini.