Siku moja kazini Mwali: popo mchana, kasa usiku

Saa 11 alfajiri. Meli imetia nanga mbele ya kijiji cha Nioumachoua, kusini mwa Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote vitatu vya Muungano wa Komoro. Kwetu ni Unguja, na kazi yangu ni kutembeza wageni wa meli hii wanaokuja kutazama wanyama. Agosti kusi halina huruma, kwa hiyo hata chai sijanywa, napanda juu kutazama wimbi. Hapa kuna nafuu: vijisiwa vilivyo mbele ya kijiji vinavunja bahari, boti za mpira zitafika pwani.

Saa 12. Tunakagua viatu na mifuko ya kila mgeni, tunachokoa mbegu zilizonasa. Mbegu moja ya kigeni inatosha kuharibu msitu wa kisiwa, na hapo simwonei mtu haya.

Saa 1. Njiani kwenda pwani tunaona pumzi ya nyangumi. Kati ya Julai na Oktoba nyangumi wa nundu hufika maji haya kuzaa. Huyu ana mtoto. Nazima injini na kuwaacha wapite wenyewe.

Saa 3. Tunapanda mlima juu ya kijiji cha Ouallah, tukiongozwa na kijana wa hapa. Udongo ni mwekundu na laini, maana volkano ya Mwali ilizimika zamani. Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, ni kinyume chake. Volkano yake, Mlima Karthala, ililipuka mara ya mwisho mwaka 2007, na maji ya mvua huzama kwenye mawe yake machanga, kwa hiyo hakuna mto wa kudumu. Huku mito inatiririka na msitu mnene umesimama. Lemuri, ambao wenyeji huwaita komba, wanaruka juu yetu. Walivushwa na watu kutoka Madagaska.

Saa 5. Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Tunakaa upande wa pili wa bonde, na ng'ambo, kwenye miti mirefu ya genge, wananing'inia popo wa Livingstone. Duniani kote wanapatikana Mwali na kisiwa jirani cha Nzwani tu. Ni weusi, masikio ya mviringo, macho ya rangi ya chungwa, na mabawa yakikunjuka hukaribia mita moja na nusu. Mgeni ananiuliza kama tunaweza kupiga makofi waruke. Namjibu hapana: jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka, na anayeshtuka anaweza kumwangusha. Tunasubiri. Jua linapopamba moto mmoja anajiachia, anapiga mabawa mara chache, kisha anapanda na upepo wa moto akizunguka bila kutikisika, kama mwewe. Chini yake naona mashamba ya migomba yakipanda mlima. Wakulima nawaelewa, wana watoto wa kulisha, lakini miti ile mikubwa ikianguka popo hawa hawana kwingine.

Saa 10 jioni. Pwani ya Itsamia, kijiji cha kasa, inapigwa na kusi, kwa hiyo tunakwenda kwa gari, barabara inanukia milangilangi. Tunasimama Dziani Boundouni, ziwa lililo ndani ya shimo la volkano, ambalo tangu 1995 limo katika orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ndege waitwao vibisi wanazama na kuibuka.

Saa 2 usiku. Itsamia. Namwamkia mzee wa walinzi, "Kwezi," naye ananipa masharti kabla ya karibu: simu mfukoni, taa hakuna, na atakayetangulia ni yeye. Wanakijiji ndio waliolinda kasa hawa kwa miaka mingi, na hapa mimi ni mgeni kama wengine.

"Mwanangu, waambie wakae chini."

Tunakaa mchangani karibu saa nzima. Kasa akiona mwanga kabla hajataga hurudi baharini na mayai yake. Mzee anapotuashiria tunasogea kwa nyuma. Mapezi ya nyuma yanachota mchanga taratibu, kila mara anashusha pumzi nzito, na mayai meupe yanadondoka mawili mawili. Machoni machozi yanamtiririka. Mama mmoja ananinong'oneza kama analia kwa uchungu. Namweleza kuwa ndivyo anavyotoa chumvi ya bahari mwilini.

Saa 6 usiku. Melini. Naandika taarifa ya siku: nyangumi wawili, kasa mmoja aliyetaga. Popo sikuweza kuwahesabu wote. Viatu vinaoshwa tena, maana kesho ni Nzwani.