Gari za sporti za sasa bado ziko na utamu?
Jana yaya yangu aliniachia volani ya Toyota yake ya zamani, ya vitesi ya mukono, tukatoka Lubumbashi mupaka Likasi, kilometa kama 120, mikono inatetemeka na furaha, juu unasikia motere inalia, unakanyaga ambreyaje, unabadilisha vitesi weye mwenyewe. Gari za sasa ziko mbio sana, sikatai, lakini kompyuta njo inafanya kazi yote na volani ya umeme haikwambii kitu ya barabara. Angalia Supra, gari ya sporti ya Toyota, ile ya 2019 ilitoka otomatiki tu, watu wakalalamika weee, mu 2022 Toyota ikarudisha vitesi ya mukono. Nilifurahi kabisa, na nikipata makuta ni ile tu nitatafuta.