Nilivyowapata wasikilizaji wa podikasti yangu ya kahawa

Podikasti yangu ni ya kahawa. Naitengenezea nyumbani hapa Moshi, na wanaoisikiliza wengi ni wakulima wa Kibosho, Uru na Marangu, pamoja na watoto wao walioko Dar. Watu huniuliza nimewezaje kuwashika bila picha. Nawajibu kuwa kukosa picha ndiko kulikonisaidia. Anayepalilia au kuchuma kahawa hawezi kutazama simu, lakini masikio yake yana nafasi. Unaingia naye kihambani, yaani shamba la nyumbani la kahawa na migomba, mnafanya kazi pamoja mpaka safu inaisha.

Kwa hiyo naongea na mtu mmoja tu. Kipaza sauti nakiweka shubiri moja kutoka mdomoni, dirishani natundika blanketi, na badala ya "ndugu wasikilizaji" nasema "shikamoo mama, umeamkaje". Faili nalo nalifanya jepesi: dakika 20, kwa kilobiti 64 kwa sekunde, hazifiki MB 10. Bando la mkulima si la kuchezea.

Ila ukaribu huo bado ni wa upande mmoja. Watafiti Donald Horton na Richard Wohl walishaueleza mwaka 1956, walipoandika kuhusu redio na televisheni: msikilizaji anahisi anamfahamu mtangazaji, naye mtangazaji hamjui. Mimi nilivuka hapo kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Mama mmoja wa Kibosho alinitumia, kuku wakilia nyuma yake: "Mwanangu, kahawa yangu bado mbichi, inafanya madoa meusi, inadondoka. Ni jua hili au ni ugonjwa wa chule buni?"

Nilimpelekea bwana shamba sauti ile ile. Akaisikiliza, akairudia, akataka kujua kama madoa yamebonyea. Nikaviweka vyote kwenye kipindi: swali, kuku, na maelezo yake kwamba chule buni hushambulia matunda machanga wakati ugonjwa wa kutu hukaa kwenye majani, na kwamba yaliyougua yaondolewe mtini yasiambukize mengine.

Simu haikupoa. Wengine walitaka tu kujua mama anaendeleaje, utadhani ni jirani yao. Tangu hapo sitoi kipindi kisicho na sauti ya msikilizaji, na akiuliza jambo nalifuatilia mpaka shambani. Sasa mzee mmoja wa Marangu amenitumia pingamizi refu kuhusu ushauri wa kupunguza migomba ili kahawa ipate hewa, na kwa kweli ana hoja. Kesho napanda kwenda kumrekodi.