Babu, gari moshi, na wale waliolala nyuma yake

Assalaam alaykum ndugu zangu, Ijumaa njema. Wiki hii nzima babu mzaa mama hanitoki moyoni. Mtoto wa Shela hapa Malindi, mji ambao reli haijafika mpaka leo, na yeye ndo akaja kuwa dereva wa gari moshi, Mombasa mpaka Nairobi, kilomita mia tano na ushei, njia ya kupanda tu kutoka baharini. Alianza kwa kuchochea moto, injini yenyewe akakabidhiwa baada ya uhuru, zile Garratt kubwa, kuna zilizopita tani 250, zimepewa majina ya milima.

Sisi wajukuu tulitaka habari za ndovu wa Tsavo kusimama kwenye reli usiku. Alikuwa akisimulia, lakini kila mara akirudi palepale: "Nyuma yangu kuna mabehewa ya watu wamelala. Hawanijui hata jina. Nikisinzia mimi, wameamka wapi?" Alistaafu na bado usiku hasinzii vizuri, bibi akimkuta barazani macho kodo na hakuna treni wala nini.

Allah anasema katika Surat An-Nisaa aya ya 58 kwamba anatuamrisha tuzirudishe amana kwa wenyewe. Mimi siku zote amana nilikuwa naiona ni pesa za watu, kitu umewekewa na mwenyewe atakuja kukidai. Lakini yule abiria hatakuja kudai, amelala, asubuhi atashuka Nairobi na mzigo wake aende zake hata hajageuka kuitazama injini. Na amana ilikuwa pale pale, usiku kucha.

Vita vya Pili vya Dunia hakuvisema sana. Alikwenda Burma na keya (KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, bonde la Kabaw, tope na malaria na mvua isokatika, mpaka wakavuka mto Chindwin Desemba 1944. Hayo nimeyajua ukubwani. Yeye tulichomuona nacho ni kwamba kila baada ya Isha hanyanyuki kwenye mswala, anakaa, midomo yacheza, nasi twangoja chakula tumechoka, mpaka siku moja nikamuuliza babu waomba nini chote hicho, akaniambia nawaombea wa meli.

Meli ni Khedive Ismail. Ilitoka Mombasa kwenda Colombo, na tarehe 12 Februari 1944 manowari ya Wajapani ikaipiga karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache tu, wakafa karibu watu 1,300, wengi wao askari wetu wa mizinga wa Afrika Mashariki. Babu alikuwa na rafiki zake mle. Hawana kaburi la kuzuriwa, bahari ndo iliwachukua, bahari hii hii tunayoogelea. Kwa hivyo akawabeba yeye, usiku baada ya usiku, miaka zaidi ya 40, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba yuko mtu Malindi anamtaja jina lake.

Majina nayakumbuka mawili tu katika aliyonitajia, na hilo laniuma, manake nilikuwa pale na sikuandika.

Usiku wa leo baada ya Isha tusinyanyuke haraka. Msomeeni babu Fatiha, na wa meli wote, hata tusiowajua majina.