Nilivyodhibiti kitambi mguu ukiwa kwenye plasta

Nianze na hesabu, maana ndiyo iliyonitisha kuliko hata picha ya eksirei. Kukimbia huchoma takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mimi ni wa kilo 80 na ushee, na nilizoea kukimbia kilomita 10 mara tatu kwa wiki, yaani kalori 2,400 hivi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba kalori kama 7,700. Kwa hiyo kifundo cha mguu kilipovunjika na daktari akapiga marufuku kukanyaga chini, nilijua kwamba nikiendelea kula kama kawaida, nitaongeza karibu theluthi ya kilo kila wiki bila kugusa tonge la ziada. Na tonge la ziada mimi siliachi. Wanaonijua wanajua nilikuwa nakimbia ili nile.

Ushauri ulikuja mwingi kuliko wageni. Kundi la kwanza: "Kula sana, mfupa upone." Hawa ndio waliokuja na biskuti. Kundi la pili liliongozwa na shemeji yangu, mtu ambaye hajawahi kuvunjika hata ukucha: "Shem, huna kazi unayofanya, mlo wa mchana wa nini? Uruke." Nikauruka. Saa kumi jioni nilikuwa najisifu kwa kila aliyenipigia simu. Saa mbili usiku nilikuwa jikoni, gongo moja kwapani, la pili limeanguka sakafuni, nakomba wali baridi sufuriani kwa mwiko. Wali ulipokwisha nikahamia kwenye karanga. Sikuwa na njaa tena wakati huo, ila mkono ulikuwa umeshashika kasi. Nilirudia upuuzi huo kwa siku kadhaa, kwa sababu shemeji alisisitiza kwamba mwili "utazoea". Haukuzoea chochote. Daktari aliposikia alikasirika: mfupa unaojijenga unahitaji nguvu na protini, na ukiubania sana mwili chakula, unakula misuli yake wenyewe, hasa ile ya mguu uliolala tu.

Basi nikageuza. Milo mitatu, na kila mlo uwe na protini ya kueleweka: mayai, samaki, maharage, mtindi. Nililenga gramu 25 hadi 30 kwa mlo. Mboga nusu sahani. Wanga nikaupunguza kwa kijiko kimoja kikubwa hivi, basi. Hapa sina hadithi ndefu, ilikaa tu. Protini inashibisha, mtu akikataa ajaribu mwenyewe kunywa chai na biskuti asubuhi, kisha kesho yake ale mayai, aone saa nne inamkuta wapi.

Na hizo biskuti zina ushahidi wake. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake Marekani waliwaweka watu 20 ndani, wiki mbili wakila vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, wiki mbili vyakula vya kawaida, kila mtu ale anavyotaka. Kwenye vile vya viwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku na uzito ukapanda. Nilimsomea shemeji. Akasema hao ni wazungu.

Sasa ujanja wangu, ambao najivunia hadi leo. Mwenye magongo mawili hana mkono wa kubebea sahani. Watu waliona hilo ni tatizo, wakanirundikia vitafunwa kwenye kimeza kando ya kitanda "usihangaike". Huo ndio mtego wenyewe! Nikaamuru kila kitu kirudi jikoni, rafu ya juu. Sheria ikawa: nitakula kile tu nilichokifuata mwenyewe, na nitakila palepale kilipo, nimekaa kwenye stuli. Kutoka kitandani hadi jikoni kwa magongo ni jasho. Nusu ya safari nilikuwa najiuliza kama kweli nina njaa au nimechoka tu kutazama dari, na mara nyingi jibu lilinirudisha. Ulafi wangu ulijaribu kujitetea: nikagundua kwamba mkoba wa mgongoni unabeba karanga vizuri sana. Mkoba ukapelekwa chumba kingine. Mtu wa kuogopwa zaidi katika jambo hili ni wewe mwenyewe ukiwa na muda.

Mizani nayo ilinifurahisha bure. Nilipanda kwa mguu mmoja, magongo chini kila upande, nikakuta nimepungua kilo nne. Nikatangaza nyumba nzima. Kijana wa dada yangu akauliza kwa upole, "Mjomba, mbona umeegemea?" Kumbe magongo yalikuwa yamebeba sehemu ya uzito wangu, na nikiyaegemea zaidi nilipungua zaidi! Ukiacha hilo, plasta nayo ina uzito wake, chumvi ya jana inashika maji, na misuli ya mguu usiotumika husinyaa. Unaweza kushuka kilo huku kitambi kikikua. Nikaachana na mizani, nikachukua futi ya fundi cherehani, kiuno usawa wa kitovu, asubuhi kabla ya kula, mara moja kwa wiki. Futi haiegemewi.

Mazoezi? Nilimuuliza daktari kwanza. Nikaruhusiwa ya kukaa: kurusha ngumi hewani kwenye kiti kisichotikisika, kunyanyua chupa za maji, kuvuta mpira wa mazoezi. Yanachoma kidogo mno, msidanganywe na wale wa mtandaoni wanaoahidi tumbo bapa kwenye kiti. Mimi niliyafanya jioni, saa ileile ya mwiko, ili mikono iwe na shughuli. Usingizi pia uangalie: usiku maumivu yaliponikesha, kesho yake nilitamani sukari kutwa nzima, kwa hiyo niliacha kujifanya shujaa, nikameza dawa ya maumivu kama nilivyoandikiwa.

Plasta ilipotolewa kiuno kilikuwa kimepungua kidole kimoja, mguu umekonda vibaya, suruali zote zinaingia. Nikaruhusiwa baiskeli ya kukaa, mwendo wa pole. Njaa ilirudi siku ileile, pumzi haikurudi. Dakika kumi za baiskeli hazilipi hata nusu ya sahani, kwa hiyo chakula sikukiongeza hadi nilipoanza kutembea umbali wa maana. Shemeji sasa anawaambia watu kwamba nilifuata ushauri wake. Nimemwachia. Ila kama unatumia dawa za kisukari, usimsikilize yeye wala mimi kuhusu milo, muulize aliyekuandikia dawa.